Taa za Mashua ya Syombua

Siku Kilonzo alipomwona Syombua kwa mara ya kwanza, alikuwa amelala chini ya mkokoteni, miguu nje, na hivyo ndivyo alivyopenda kukutana na wanawake. Aliona viatu vya raba na pindo la leso.

"Fundi, unaweza kutengeneza mashua?"

Kilonzo alikuwa fundi wa mikokoteni ya ng'ombe, mtu wa Kwa Vonza aliyehamia soko dogo karibu na bwawa jipya la Kiambere. Darasa la saba, umri wa kuitwa mzee, na maji mengi aliyowahi kuyazoea ni ya pipa.

"Naweza," akajibu kutoka chini. Aibu humfanya mtu akubali mambo.

Syombua alikuwa mjane aliyenunua samaki ng'ambo. Alivuka kabla ya jua kuchomoza, na askari wa bwawa walikuwa wamemkataza kwenda majini gizani bila taa: nyekundu kushoto, kijani kulia, ili wengine wajue anakoelekea.

Kilonzo akajenga. Mambo ya uzito aliyajua: kama mzigo wa mkokoteni, betri ya taa ikae chini, katikati, chombo kisilale upande. Kila Syombua alipokuja kutazama, alijiapiza kwamba leo atamwambia anataka kumwoa. Kila mara akamweleza habari za misumari.

"Hakuna lingine, fundi?"

"Kuna lami."

Mashua ilijengwa kifudifudi, tumbo juu. Kilonzo alisimama nyuma yake, akapigilia vishikio vya taa: cha kushoto akakipaka nyekundu, cha kulia kijani. Walipoipindua, akafunga kila taa penye rangi yake. Kitu kikipinduliwa, kushoto huhamia kulia; hata mpika chapati analijua hilo. Kilonzo hakupika chapati.

Alfajiri ya kwanza alibaki ukingoni, maneno yake tayari mdomoni, Syombua akipiga makasia. Askari wakatokea na mashua yao ya injini. Waliona kijani, wakadhani anaelekea kulia, wakakata kushoto wampite kwa nyuma. Naye alikuwa akielekea kushoto.

"Aiya, mama!" askari alifoka, mbao zikikwaruzana. "Unaenda ama unarudi?"

"Mimi naenda! Taa ndiyo inarudi!"

Alirudi ameloa hadi kiunoni. Kilonzo alitamani bwawa limmeze, ila hakujua kuogelea.

"Una la kusema, fundi?"

"Nitabadilisha taa."

Akazibadilisha. Mashua ikamfaa Syombua miaka mingi. Alimletea Kilonzo samaki, akakaa kwenye gogo la karakana, akangoja. Kilonzo alimsifia samaki.

Kisha Ndinda, binti ya Syombua, aliolewa Nunguni, mbali kule milimani, akataka mama awe karibu. Syombua akauza mashua, akaja kuaga. Kilonzo alisimama na nyundo mkononi, akamwambia kwamba Nunguni kuna baridi, abebe sweta.

Syombua alimtazama, akajitwisha mzigo wake.

"Haya, kaa salama, Kilonzo. Na mwanamke mwingine akija hapa, usimjengee kitu. Mwambie."