Siku Pikapu Yetu Ilipokataa Kufunguka

Mume wangu alistaafu kazi ya upishi katika hoteli moja ya Kisumu akiwa na afya njema, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Mtu aliyezoea kuamrisha masufuria makubwa tangu ujana hawezi kukaa kwenye kochi akitazama ukuta. Hakumaliza hata mwezi nyumbani kabla hajatokea langoni na pikapu. Naiita pikapu kwa heshima tu. Ilikuwa na magurudumu, hilo sikatai, na usukani ulikuwa upande unaotakiwa. Mengine yote yalihitaji imani.

"Hii itakuletea omena kutoka Usenge na mchele kutoka Ahero," aliniambia, akiupigapiga mlango uliokuwa umefungwa kwa kamba.

Mimi ndiye niliyekuwa na kibanda cha kuuza dagaa hizo na mchele hapa mtaani Manyatta, kwa hiyo ilibidi nishukuru. Nikashukuru.

Fundi wa kwanza aliyeitazama alifungua boneti, akaifunga tena polepole, akashauri irudishwe ilikotoka. Mume wangu akaamua papo hapo kwamba mafundi wote wa mji huu ni waongo. Tangu siku hiyo lile gari halikuguswa na mtu mwingine. Lilikuwa na yeye, na simu yake iliyojaa video za watu wanaotengeneza magari kwa lugha asizozijua, na vyombo vyangu vya jikoni.

Cha kwanza kuondoka kilikuwa mwiko wangu wa ugali. Mti wa gia ulikuwa umevunjika, na mwiko, kwa maelezo yake, ulikaa vizuri mkononi. Sikuweza kubisha, ulikuwa umekaa vizuri mkononi mwangu pia. Kisha chujio la chai likaenda kuchuja hewa ya injini. Kikombe cha juu cha chupa ya chai kikawa kifuniko cha tangi la mafuta. Rejeta ilipoanza kuvuja, alivunja mayai akayamimina humo, akisema kwamba yakiiva yataziba tundu. Yaliziba, lazima niseme ukweli. Ila kwa muda mrefu, kila tulipopanda kuelekea Maseno, gari lilinukia kama kifungua kinywa cha watalii.

Mtu pekee aliyethubutu kusema wazi alikuwa mama yake mdogo. Huyu ndiye aliyemlea baada ya mama mzazi kufariki, na sote tulimwita Mama tu. Alikuwa ameanza kuugua na alikuwa akiishi kwetu ili awe karibu na hospitali. Kila siku alikaa mlangoni kwenye kigoda, miguu ameinyoosha juani, akimtazama mwanawe akitambaa chini ya gari.

"Hii ni gari ama ni jiko?" aliuliza.

"Mama, wewe ngoja tu."

"Nangoja. Si hata wewe unaona sina kazi ingine?"

Basi siku moja tukitoka Usenge, pale karibu na soko la Kibuye ambapo magari hutambaa kama konokono, mtu alituteremshia gunia zima la omena nyuma bila hata kutusalimia. Mume wangu alichukua wizi huo kama tusi kwa ukoo. Alijifungia uani na vyuma, mabati na mashine ya kuchomelea aliyoazima, akajenga banda juu ya pikapu. Lilikuwa na kuta, lilikuwa na paa, na nati zote alizichomelea ili mwizi asipate cha kufungua. Mlango wa nyuma haukuwa na kitasa. Makomeo yake yalivutwa kwa waya wa breki ya baiskeli uliopita chini ya gari hadi chini ya kiti cha dereva: ukiuvuta yanafunga, ukiuvuta tena yanafungua.

"Sasa mwizi atafungua na nini?" aliniuliza, macho yanang'aa.

"Na wewe utafungua na nini huo waya ukikatika?"

Alinitazama kwa huruma. "Nyar Alego, waya kama huu haukatiki."

Ndivyo anavyoniita, binti wa Alego, hasa anapotaka kunikumbusha kwamba kwetu hakuna wahandisi.

Mama alifariki hospitalini asubuhi moja ya mvua. Mume wangu alipopata habari hakulia. Alitoka nje akaiosha pikapu, akaiosha tena, na mvua ikiwa bado inanyesha. Nilimwacha. Jamaa walipokutana sebuleni kwetu kupanga mazishi, kaka yake mkubwa alieleza kwamba ameshapata gari zuri la kubebea maiti, lenye vioo na mapazia.

"Mama hatapanda gari ya kukodi," mume wangu akasema.

"Atapanda nini?"

"Alinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Mimi siwezi kumwachia mtu mwingine ambebe."

Kila mtu akainamisha kichwa. Utajibu nini hapo? Mimi nilikuwa na jibu, tena refu, lakini mbele ya shemeji zangu nilijaza tu vikombe chai.

Siku ya safari ya kwenda kumzika kijijini, karibu na Usenge, tuliipamba pikapu kwa matawi. Jeneza lilipoingizwa ndani, mume wangu aliusukuma mlango, akaenda kuketi kwenye kiti chake, akauvuta waya, na makomeo yakalia *ka!* kwa sauti iliyowashtua hata wahudumu wa mochari. Alikaa wima kama rubani. Basi la waombolezaji likatufuata nyuma.

Safari ilikwenda vizuri kiasi cha kunitia wasiwasi. Tulipita Bondo bila kusimama. Halafu, tukiwa tumeshaanza kuliona ziwa kwa mbali, tulipiga shimo moja la maana, na chini ya kiti kikasikika kitu kama uzi wa gitaa unaokatika.

"Nini hiyo?" nikauliza.

"Hakuna kitu."

Alikuwa ameushika ule mwiko kwa nguvu.

Nyumbani watu walikuwa wamejaa. Vilio vilipanda tulipoingia langoni, wanawake wakakimbia kando ya gari wakiyapigapiga mabati, na vijana wa ukoo wakajipanga nyuma, mikono mbele, tayari kumpokea Mama. Mume wangu akauvuta waya. Ukaja wote. Aliendelea kuuvuta, nao ukaendelea kuja, mrefu na mlaini, hadi ukawa umelala mapajani mwake kama utumbo wa samaki.

Kaka yake alikuja dirishani. "Fungua, watu wanangoja."

"Nafungua."

"Unafungua aje na umekaa kwa kiti?"

Hapo ikabidi aeleze. Sijawahi kuona mtu akieleza uvumbuzi wake kwa unyonge namna ile.

Walijaribu mikono kwanza. Kisha wakaleta mtaimbo. Kisha mwanamume mnene aliyejitambulisha kama mtaalamu wa milango alijitosa kwa bega, akajiumiza, akapelekwa kivulini kupewa maji. Kazi ya mikono ya mume wangu, ambayo mpaka siku hiyo haikuwahi kudumu kutoka Jumapili hadi Jumapili, iliamua leo kuwa imara kama benki. Niliona nati alizozichomelea. Nilikumbuka kwamba nilimsifu kwa hizo nati, ili tu aje ale chakula kikiwa moto.

Mchungaji, mtu mwenye busara, aliagiza kwaya iendelee kuimba. Kwaya ikaimba. Ilimaliza nyimbo za maombolezo, ikaingia za Pasaka, ikarudia zile za maombolezo, na niliposikia wimbo wa Krismasi ukianza nikajua hali imekuwa mbaya.

Ndipo dada mkubwa wa marehemu alipoinuka. Alikuwa ajuza asiyeona vizuri. Umati ukampisha, akafika kwenye gari, akagonga bati kwa mkongojo wake.

"Wewe!" akasema. "Toka huko. Uliniambia kwa simu kila siku hii gari ni takataka. Sasa umeipenda? Unataka kukaa ndani?"

Kisha mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, na kicheko kikaenea uwanja mzima, kicheko cha watu waliomjua vizuri aliyekuwa ndani. Yule ajuza mwenyewe alicheka, akaegemeza paji la uso kwenye bati, na palepale kicheko chake kikageuka kilio. Nasi wengine tukamfuata.

Jirani akaleta shoka. Kaka mkubwa akalipokea na kulielekea gari.

"Usikate," mume wangu akasema. "Utaharibu."

"Nitaharibu nini?" kaka yake akauliza, na lilikuwa swali la haki.

Mume wangu alisimama kati ya shoka na mlango, mikono imetanuka. Sikumwelewa hata mimi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno niliyoyaweka tangu siku ya mwiko, lakini nilipofika karibu naye, nikaona ameegemeza mgongo mlangoni, kama mtu anayetaka kubeba.

"Mzee," nikamwambia taratibu. "Mama amechoka kungoja."

Aliniangalia. Akageuka, akalichukua shoka mkononi mwa kaka yake, akapanda juu ya kebini na viatu vyake vya mazishi. Pigo la kwanza liliacha kovu tu kwenye paa. La pili likapenya. Alikata akizunguka pembe kwa pembe, na tangu pigo la pili alikuwa analia, analia kwa sauti kama mtoto, jasho na machozi vikidondoka pamoja juu ya mabati. Hakuwa amelia hospitalini wala mochari, na mbele yetu nyumbani hakudondosha hata chozi.

"Maskini," mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona. "Anaipenda sana gari yake."

Sikumsahihisha.

Vijana wawili wakashuka ndani, wengine wakasimama juu ya magurudumu, wakaliinua jeneza na kulipitisha juu, wakalishusha kwa wenzao waliokuwa chini. Lilipata mchubuko mmoja ubavuni. Mume wangu akaruka chini, akaupangusa mchubuko ule kwa kitambaa chake, akashika upande wa mbele, akambeba. Mazishi yakaendelea kama mazishi mengine, ila wasemaji wote walisema kwa ufupi, kwa kuwa kwaya ilikuwa imekula muda wao.

Kesho yake tulikunywa chai uani, pikapu ikiwa mbele yetu na paa limefunuka kama kopo la samaki. Mume wangu hakuitazama. Akaingia mwanamume aliyevaa gambuti safi, akajitambulisha kuwa ni mnunuzi wa samaki pale ufuoni.

"Mzee, ni wewe mwenye hii gari?"

"Ni mimi," mume wangu akajibu, akiwa ameshajiandaa kuchekwa.

"Jana nilikuwa hapa. Niliona vile wanaume wote walishindwa." Akaisogelea pikapu, akapapasa mlango wa nyuma kwa upole. "Mimi wananiibia samaki kwa barabara kila mara. Nataka unifanyie kama hii."

Niliweka kikombe chini. Nilimchunguza usoni nikitafuta dalili ya mzaha. Haikuwepo.

"Lakini uliona ilikataa kufunguka," nikamwambia.

"Mama," akanijibu kwa heshima zote, "hiyo ya kufunguka tutaongea pole pole."

Mume wangu alikuwa ameshasimama. Hakumaliza hata chai. Nilipomwambia kwamba gari la watu liwe na mlango unaofunguliwa kwa nje, kwa mkono, na mtu wa kawaida, alikubali haraka sana, na kwa uzoefu wangu hiyo si dalili nzuri.

Baada ya siku chache tulirudi Usenge. Yeye alilala chini ya pikapu ya mnunuzi, miguu tu ndiyo inayoonekana, na mimi nikachagua omena zilizoanikwa pale karibu.

"Nyar Alego," akaita kutoka chini.

"Sema."

"Mama angeona hii, angesema nini?"

"Angemwambia huyo mtu atafute fundi."

Kisha miguu yake ikaanza kutikisika, nikadhani amejiumiza, nikainama kuchungulia. Alikuwa anacheka, amejifunika uso kwa mkono wenye grisi.

"Nipe spana," akasema alipotulia.

Nikampa, nikarudi upesi kwenye omena zangu, maana muuzaji alikuwa ameshaanza kunichanganyia mchanga.