Kijiko Nyuma ya Mtungi

Haya alinisimulia fundi cherehani mmoja Jumanne iliyopita, saa nane mchana, kadi ya kliniki bado ikiwa mkononi. Alisimulia amesimama. Kiti alikikataa.

Mwanawe, tunamwita Bonge, alipofika miezi mitatu aliacha ghafla kulia usiku. Akilala jioni, ni mpaka kuche.

Fundi akashukuru. Kumbe anashangilia moshi, moto hajauona.

Bonge alizaliwa kwa upasuaji. Daktari alionya: mshono huu upumzike miaka miwili. Mimba ya haraka itakuweka pabaya.

Nesi naye akamwambia ziwa linaweza kuzuia mimba, ila kwa masharti. Mtoto hajatimiza miezi sita. Hedhi haijarudi. Na ananyonya tu, mchana na usiku, bila kijiko cha kitu kingine. Moja likivunjika, njoo upewe njia nyingine.

Fundi akayashika kama sala. Karakana ya sare za shule anakofanya kazi iko ng'ambo ya barabara na nyumbani, basi kila mara anaacha cherehani, anakimbia kunyonyesha.

Wenzake wakamtania. "Mwenzetu, hilo ziwa umeliajiri ulinzi?"

"Na halisinzii," akawajibu.

Bonge alipofika miezi mitano, harufu ya mafuta ya cherehani ikaanza kumtapisha mama yake.

Jumanne hiyo akaenda kliniki. Nesi akakitazama kipimo cha mimba, akakitazama tena.

"Mama, una mimba."

"Haiwezekani. Hedhi sijaiona, na mtoto ananyonya tu."

"Usiku ananyonya mara ngapi?"

"Siku hizi haamki. Mwezi wa pili huu."

Nesi akaweka kalamu chini. "Sasa nani anamshibisha?"

Fundi akarudi nyumbani, akaingia moja kwa moja jikoni kwa mama mkwe wake. Nyuma ya mtungi wa maji akaona kikombe na kijiko, uji umekaukia.

"Mama, Bonge anakula uji?"

"Kidogo tu, jioni, ukiwa bafuni. Nilikuona unasinzia juu ya sindano, mwanangu. Nikasema na wewe upate usingizi."

"Mama, nina mimba. Na mshono wangu je?"

Ndipo akasimulia yote, mwanzo mpaka mwisho, masharti na vile alivyoona haya kumwambia mkwe mambo ya chumbani.

Mama mkwe akakosa pa kutazama.

Mama mkwe huyo ni mimi.

Bibi wenzangu, kabla kijiko hakijafika mdomoni mwa mtoto, muulize mama yake. Na nyie mabinti, masharti ya nesi yasemeni nyumba nzima isikie. Mimi nilidhani natoa msaada, kumbe nabomoa ukuta wa mtu.

Tulikubaliana kesho yake twende sote hospitali kubwa, mshono uangaliwe. Kisha akalala na Bonge kifuani. Bonge akanyonya, akasinzia. Mama yake naye akasinzia, uso ameuelekeza ukutani.

Nikakiosha kile kijiko mara tatu. Nikaketi mlangoni kuwalinda, nikiwahesabia pumzi, mpaka usingizi ukanichukua na mimi, kijiko bado mkononi.