Shubaka la Mkono wa Kushoto

Oighrig, jirani yangu niliyesoma naye, alikuwa na umri wa miaka themanini na mmoja na swali moja tu maishani: alizaliwa katika kibanda kipi?

Kijiji chetu kizima, katika kisiwa cha Leòdhas huko Uskoti, kilijua kwamba alizaliwa kule juu malishoni, enzi za wasichana kupanda mlimani na ng'ombe kila Mei na kuishi vibandani, ili shayiri ya nyumbani ipone meno ya ng'ombe hao. Lakini vibanda vilikuwa saba, na sasa ni vichuguu saba vya majani mabichi. Mama yake alifariki kabla Oighrig hajaanza kutembea, na hata picha hakuacha. Kilichobaki ni jina la utani la familia: watu wa Shoto. Oighrig alilichukia. Alidhani maana yake ni watu wa hila, na shuleni alirushiana ngumi na wasichana wawili kwa ajili yake.

Basi akaja Sorcha, binti mtaalamu wa mambo ya kale, akaanza kufukua kuta za vibanda hivyo. Nikampakia Oighrig kwenye trekta langu. Njia nzima akanisema.

"Coinneach, unaendesha kama umebeba viazi!"

"Viazi havilalamiki."

Sorcha akatupokea kwa chai. Oighrig hakungoja hata ipoe.

"Mwanangu, umepata nini?"

"Mashubaka, bibi, vishimo vya ukutani. Walikuwa wakiweka mabakuli ya maziwa humo. Kila msichana alijitengenezea lake, karibu na alipokaa kando ya moto. Katika vibanda sita, shubaka liko mkono wa kulia. La kibanda cha saba liko kushoto. Nimeandika kwamba aliyejenga alikosea."

"Alikosea?" Oighrig akacheka kwa kejeli. "Wewe umeshawahi kukamua ng'ombe?"

"Hapana, bibi."

"Basi futa."

Akaingia kibanda cha saba. Ninasema aliingia, ila ukweli ni kwamba mimi na Sorcha tulimshika makwapa tukamshusha mpaka kwenye tuta la udongo lililokuwa kitanda. Akakaa kuelekea palipokuwa moto. Akanyoosha mkono wa kulia: haukufika popote. Kisha akanyoosha wa kushoto. Vidole vikatua ndani ya shubaka bila hata kupapasa.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kwa upumbavu wangu. Tulipokuwa darasa la kwanza, mwalimu alimfunga Oighrig mkono wa kushoto kwa kitambaa mwaka mzima, mpaka akajifunza kuandika kwa wa kulia.

"Shoto," akasema polepole. "Kumbe ni mkono tu! Coinneach, kwa nini hamkuniambia?"

"Ungetupiga ngumi."

"Kweli ningewapiga." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Mama yangu alikuwa mashoto kama mimi. Nimempata. Miaka yote hii nimewachukia watu kwa kuniita jina lake."

Sorcha akachukua kalamu, akaukata ule mstari wa 'alikosea' kwenye daftari lake, akauliza mama aliitwa nani ili aandike. Oighrig akamtajia jina kamili, la baba na la babu, halafu akasema, "Ongeza na Shoto."

Kisha akaomba chai yake. Nikampa upande wa kulia, kama nilivyozoea. Akaniangalia kwa hasira, akaendelea kuniangalia mpaka nikazunguka, nikampa kushoto.