Nyumba ya Udongo na Watu Wake Wote

Kabla ya kuhamia Kawangware nilipanga Kibera, kwa nyumba ndefu ya Mnubi, wale wenyeji wa kwanza wa pale, iliyojengwa kabla sijazaliwa. Kwa hivyo nyumba ya zamani naijua nikiiona. Yetu ya Kawangware ilikuwa ya namna hiyo: kuta za udongo, paa la madebe yaliyopasuliwa, vyumba vinane. Nyumba zote za mawe za pale ziliikuta.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mwenye nyumba alitaka kuibomoa ajenge gorofa. Alimwambia chifu ni stoo ya makaa, wanalala watu watatu tu. Chifu akasema, "Ngoja sensa. Wakiwa watatu, bomoa. Wakiwa wengi, hakuna kumtoa mtu."

Tukafurahi. Lakini siku yenyewe wenzangu nusura watuponze. Kwetu sisi, watu wa magharibi na wa ziwani, mtoto hahesabiwi. Ukimhesabu, umemwonyesha kifo. Mwalimu aliyetumwa kuhesabu watu akifika mlangoni na fomu, kila mama anajibu, "Niko peke yangu." Watoto wamewaficha kanisani! Chifu anatikisa kichwa, mwenye nyumba anacheka.

Nikasema, "Mwalimu, mimi bibi mzee, hesabu sijui. Lakini majina ninayo. Andika."

"Haya shosho, taja."

Nikaanza chumba cha kwanza. Baba, mama, watoto, kila mmoja na jina la ubatizo na la babu, hadi mtoto mchanga aliyezaliwa juma lile. Idadi sikuisema hata mara moja. Nikamtaja na fundi aliyekandika zile kuta, na mjane aliyepanga baada yake, na waliohama...

"Shosho! Walio hapa sasa tu!"

"Hawa wote wanalala wapi?" mwenye nyumba akafoka.

Jirani yangu wa chumba cha tano akamjibu, "Kuja asubuhi uone laini ya watu wakingoja choo!"

Mwalimu alipomaliza akafungua mdomo kutaja jumla. Kina mama wakapiga kelele, "Wee! Ibaki hapo kwa karatasi!" Akacheka, akamwonyesha chifu asome mwenyewe.

Chifu alisoma, akamgeukia mwenye nyumba. "Mzee, hiki ni kijiji kizima. Hakuna kubomoa. Na utafute mabati, hii paa inavuja."

Tulipiga vigelegele mpaka watoto wakasikia huko kanisani. Wakaja mbio, wakajaza uwanja, mwenye nyumba akakosa pa kupita.