Daftari la Mwalimu

Mwalimu wetu wa Kiingereza, hapa darasa la watu wazima, simwamini hata kidogo. Ubaoni ni moto wa kuotea mbali. Anaandika "able", anaibandika "to" na kitenzi. Anaandika "capable", nyuma yake "of". Anaandika "good", kisha "at", halafu anagonga ubao kwa chaki, ko, ko, ko. "Njia tatu za kusema unaweza, ndugu zangu, na kila moja na mwenzake. Msizichanganye!" Lakini daftari lake lililojaladiwa kwa gazeti haliachi hata akienda kunywa maji, na nje ya sentensi za ubaoni sijamsikia akitamka Kiingereza, hata cha salamu. Ukimuuliza swali la pembeni, anakohoa. Kuna namna hapa.

Jana mgeni aliyepotea njia alichungulia mlangoni, akauliza kwa Kiingereza posta iko wapi. Kikohozi kikamshika mwalimu. "Hilo ni zoezi," akamwambia fundi cherehani anayekaa dawati la mbele. "Mama, hebu mjibu mgeni." Mama wa watu akajibu kwa kukwamakwama, mkono ukisaidia, mpaka mgeni akashukuru na kwenda zake. Darasa zima likapiga makofi. "Umeona mbinu za mwalimu?" jirani yangu akaninong'oneza. Mimi sikupiga. Nilikuwa namtazama mwalimu: ametugeuzia ubavu, midomo inacheza bila sauti, anarudia maneno ya yule mama moja baada ya jingine. Kisha akafungua daftari lake, akayaandika.