Jumapili Tulizokula

Tarehe kumi na tisa Juni, siku ya Ijumaa, nilimpoteza mke wangu, Nafula. Alhamisi alikuwa ameshinda akichambua maharagwe katika ghala la kampuni pale Kanduyi, Bungoma. Ijumaa, kabla ya chai ya asubuhi, moyo wake ulisimama. Mimi nilikuwa karani wa mishahara wa ghala hilohilo. Kwa hiyo hesabu ya mshahara wake wa mwisho, wa mwezi usiotimia, ililetwa mezani kwangu. Ninaandika haya kwa vijana mnaoshika kazi ya mishahara leo, na sitaandika kwa upole.

Shule niliishia kidato cha pili. Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye ofisi kuu ya kampuni huko Kitale, Karani Mkuu alinipa penseli, rula na rejista ya mahudhurio, yaani kitabu kinachoonyesha nani amefika kazini na nani hakufika. Kisha akaniuliza, "Kijana, mtu wa mshahara wa mwezi akiacha kazi tarehe kumi na nane, utamlipa siku ngapi?"

"Kumi na nane, mzee."

"Umegawanya mwezi kwa ngapi?"

Akavuta kiti akanifundisha. Alisema njia ziko mbili. Ya kwanza ni ya kalenda: unagawanya mshahara kwa siku thelathini, halafu unazidisha kwa siku zote tangu tarehe moja mpaka siku ya mwisho, Jumapili zikiwemo. Ya pili ni ya siku za kazi: unagawanya kwa ishirini na sita, kwa kuwa Jumapili umeziondoa, halafu unazidisha kwa siku alizofika kazini tu. Chagua mojawapo, usiihame.

"Ukigawanya kwa Jumapili, zidisha kwa Jumapili," alisema. "Ukichanganya hizi mbili, wewe ni mwizi mwenye kalamu. Na usisahau: Jumapili ya mtu wa mwezi ni yake. Ameitolea jasho Jumatatu hadi Jumamosi."

Nilifanya hivyo Kitale miaka kumi na moja. Nikahamishiwa Bungoma, na huko ndiko nilikomwoa Nafula, binti wa watu wa Chwele. Meneja wa kwanza wa tawi hakuniingilia hesabu. Wa pili alipokuja, wiki hiyohiyo aliniita ofisini na faili ya kijana mmoja aliyeachishwa kazi katikati ya mwezi.

"Kamau, huyu amefanya siku ngapi?"

"Kumi na nane, mkubwa."

"Wacha mchezo. Jumapili mbili alikuwa kanisani na ghala lilikuwa limefungwa. Andika kumi na sita."

"Basi nigawanye kwa ishirini na sita."

"Thelathini! Mwezi una siku thelathini. Ama huko Kitale mwezi una ngapi?"

Wenzangu wakacheka. Nami nikaandika.

Tazameni nilichoandika. Mshahara ulikuwa shilingi 15,600. Ukigawanya kwa thelathini unapata 520 kwa siku, na kwa siku kumi na nane ni 9,360. Ukigawanya kwa ishirini na sita unapata 600, na kwa siku kumi na sita ni 9,600. Njia zote mbili ni halali, hata kama hazilingani sawasawa. Lakini ukichukua 520 ukazidisha kwa kumi na sita, mtu anapata 8,320. Zaidi ya elfu moja imeyeyuka, wala hakuna mstari wa makato unaoonyesha imekwenda wapi. Karatasi ya malipo ni safi. Ndiyo maana wizi huu hudumu. Kompyuta zilipoletwa, meneja aliniambia niiingize hesabu hiyo ndani ili nisisumbuke tena, nami nikaiingiza.

Mmoja tu alikuja kulalamika, Wekesa, mpakiaji wa magunia. Alisimama mlangoni na karatasi yake.

"Karani, umekura Jumapiri zangu mbiri!"

Karani mwenzangu akadakia, "Umekura? Kwani ulisimama kiti gani, diwani?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Wekesa hakuondoka. "Chekeni tu, bana. Mimi nirikuwa mtu wa mwezi. Si kibarua."

Alikuwa amesema kila kitu. Kibarua hulipwa siku aliyofika, na Jumapili yake ni njaa yake. Mtu wa mwezi sivyo. Wekesa, ambaye hakuwahi kushika rejista, aliijua kazi yangu kuliko nilivyoifanya. Nami nilicheka pamoja na wengine. Kicheko hicho kinaniudhi mpaka leo kuliko amri yoyote ya meneja.

Habari ilifika nyumbani. Nafula aliniuliza tukila, "Baba Njeri, ati ni kweli mnakula Jumapili za watu?"

"Ni amri ya mkubwa."

"Amri ni yake. Na kalamu?"

Hakuniuliza tena. Kwa miaka sita tuliketi kanisani benchi moja, mimi na yeye, kila Jumapili.

Nilirudi kazini siku nane baada ya mazishi. Faili yake ilikuwa juu ya meza. Mshahara wake ulikuwa uleule, 15,600. Juni ile ilianza Jumatatu, na mpaka Alhamisi tarehe kumi na nane kulikuwa na Jumapili mbili. Nikaingiza jina lake, nikaingiza tarehe. Kompyuta ikajibu 8,320. Haikubabaika. Ilifanya vile nilivyoifundisha.

Nikaenda kwa meneja na ile karatasi.

"Pole sana, Kamau," akasema. "Nimeshaona. Kwa mama tuandike kumi na nane kamili. Wewe ni mtu wetu."

"Na wale wengine?"

"Wengine gani?"

"Wote tuliowakata, mkubwa."

Akafunga mlango. "Nani aliweka hiyo hesabu kwenye kompyuta? Si ni wewe? Ukiwasha moto humu ndani, utaanza na shati lako."

"Basi na lianze."

Nilikataa ile kumi na nane. Ningeipokea, ningekuwa nimekiri kwamba Jumapili ya mke wa karani ni halali na ya mpakiaji si halali. Wiki tatu sikula chakula cha mchana. Nilifungua rejista za nyuma nikaorodhesha kila aliyeondoka katikati ya mwezi, awe aliacha, alifukuzwa, aliugua au alikufa. Wakafika thelathini na saba. Jina la Nafula nililiandika mwisho. Nikaipeleka orodha kwa afisa wa kazi wa serikali mjini Bungoma, mwanamke mwenye umri wa binti yangu.

Aliisoma yote. "Mzee, unaelewa kwamba hapa umejishtaki mwenyewe?"

"Ninaelewa. Andika jina langu kwanza."

Kampuni iliambiwa ilipe, ikakubali, kwa masharti kwamba kila mmoja, au mjane wake, afike mwenyewe kutia sahihi. Walijua watu wametawanyika. Meneja alihamishiwa ofisi kuu, wakamchinjia mbuzi. Mimi nilipewa barua ya kustaafu kabla ya wakati, na hakuna aliyenisindikiza hata mpaka langoni.

Sasa wapo wanaoniambia, "Mzee Kamau, elfu moja ni kitu gani? Mbona unajichosha?" Huwa nawauliza kama wako tayari kunipa yao. Pesa ikiwa ya mwingine huwa ndogo sana. Nanyi mnaojua kompyuta kuliko mimi, msinieleze kwamba mashine ndiyo iliyotoa jibu. Fungueni mtazame kigawanyo na kizidisho. Aliyeviweka ana jina.

Malipo ya Nafula yako tayari tangu mwaka jana. Nimesema nitayatilia sahihi siku ya mwisho, baada ya wengine wote. Nimekuwa nikiwatafuta mmoja mmoja, na wamebaki wanne.

Jumanne iliyopita bodaboda ilinipandisha mlima mpaka Kapsokwony, kumtafuta mjane wa Ndiwa, aliyekuwa bawabu wetu akaacha kazi kwa ugonjwa. Nilimkuta akipalilia vitunguu. Nikamwambia mimi ni nani.

"Ndiwa alikufa," akasema.

"Najua, mama. Pole. Kuna pesa zake."

"Pesa gani saa hii?"

Nikamweleza, pole pole, siku kwa siku. Akaegemea jembe.

"Ni mwezi gani hiyo?"

"Wa tisa. Mwezi alioacha kazi."

"Alikuwa ameniambia ataleta pesa ya siku kumi na nane. Akaleta pungufu. Nikamwambia amekunywa. Akaapa. Nikamwita mlevi mbele ya watoto, na mpaka anakufa sikuwahi kuiondoa hiyo neno."

"Hakunywa, mama. Ni mimi niliyekata."

Hakunikaribisha. Aligeuka akamwita shemeji yake aliyekuwa upande wa pili wa ua, kisha akawaita watoto wake wawili, wakubwa sasa, watoke upande wa chini wa shamba. Wakaja wakasimama mbele yangu, mikono ikiwa na udongo.

"Sema tena," akaniambia. "Vile umeniambia mimi. Yote."

Nikasema tena, yote.