Jamani, Ipondeni Programu Yangu

Sijawahi kuchukia hongera kama mwaka ule. Nafundisha fizikia sekondari, naishi Nyahanga, na jioni zangu zote nilikuwa nazimalizia kwenye kompyuta, natengeneza programu ya wataalamu wa nyota. Kazi yake ni rahisi kuieleza: unapiga picha ya anga kwa simu, programu inahesabu nyota zilizoonekana, na wataalamu wanajua anga ya wapi bado ina giza la kutosha na ya wapi imeharibiwa na mataa ya mjini na ya migodini. Walikuwa tayari kuitumia, ila kwanza ijaribiwe na watu wa kawaida. "Programu isiyo na kasoro kwetu maana yake haijajaribiwa," mkuu wao aliniambia kwenye simu. "Tuletee kasoro kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo tunachukua ya mwenzako."

Basi nikaalika watu. Nikatangaza kanisani, sokoni na kwenye kundi la ukoo. Wakajitokeza kuliko nilivyotegemea: walimu wenzangu, wachuuzi wa dagaa wa Nkome, wachimbaji wa Geita, hata baba mkwe wangu, Msukuma aliyehamia Ushirombo na ng'ombe wake. Huyu alinishangaza, maana kwa mila zetu mimi na yeye hatuzungumzi hovyo. Nikimwamkia anaitikia, yakizidi hapo anayapitishia kwa mume wangu. Nikawaunganisha wote kwenye kundi moja la simu, nikakaa kusubiri kasoro.

Zikaja hongera. "Nzuri sana, mwalimu." "Mungu akuinue." Mmoja programu ilimzimia simu kabisa, nikaja kuambiwa na mkewe, yeye mwenyewe alikuwa ameandika "safi". Adabu hiyo ilikuwa inanimaliza. Nikawabembeleza waiseme vibaya, wakanionea huruma, wakaongeza hongera. Wiki ya mwisho ikaingia sina kasoro hata moja ya kupeleka, na hasira zangu mume wangu alizionja ipasavyo, hadi chai ya asubuhi akawa anakwenda kunywea nje.

Ni yeye aliyenipa dawa, tena kwa utani tu. "Hawa ungewapa ngoma, wangekutukana bure."

Nikaruka kwenye kiti. Usukumani mavuno yakiisha, ngoma huchezwa kwa kushindana pande mbili, Wagika na Wagalu, na upande mmoja kuuponda mwingine si kosa, ndiyo raha yenyewe. Nikaligawa kundi nusu kwa nusu, mimi mwenyewe nikajiweka kwa Wagika, baba mkwe akaangukia kwa Wagalu, nikaandika: kuanzia leo, kila kasoro ni bao.

Weee, adabu ikaisha. Kabla ya saa nne asubuhi Wagika wa Nkome walishaleta yao: taa za mitumbwi ya dagaa zinahesabiwa nyota. Wagalu wakajibu kwamba hiyo ni kasoro ya kitoto, wao wanayo inayozima simu. Mtu aliyeniombea baraka juzi tu akaandika kwamba programu yangu ni kipofu. Nilikuwa nasoma huku nacheka peke yangu ofisini, walimu wenzangu wananitazama.

Alhamisi ikaingia simu ya baba mkwe. Nikajua kuna msiba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkwe, programu yako inaona nyota zizini kwangu."

Alikuwa amepiga picha saa moja jioni, ng'ombe wamesharudi, taa ya simu ikawamulika, programu ikahesabu kila jicho. Nikamuuliza ameligundua hilo lini.

"Siku ile ile ya kwanza. Lakini wakati ule ulikuwa mkwe wangu. Sasa hivi wewe ni Mgika."

Ijumaa nikapeleka kasoro zote. Jioni mkuu akapiga, anacheka, ya ng'ombe wameisoma ofisi nzima. "Hii imejaribiwa kweli," akasema. "Tunaichukua." Nilikaa sakafuni jikoni nikalia kwa furaha, ugali ukaungua, wala sikujali. Kisha nikawaandikia wenzangu kwamba imechukuliwa. Baba mkwe ndiye aliyewahi kujibu. Alitaka kujua toleo jipya linakuja lini, maana Wagalu walikuwa nyuma kwa bao moja.